Mtoto Akiumwa na Mbwa wa Nyumbani

Wazazi wengi humwogopa mbwa mgeni, yule apitaye njiani ulimi nje na mate yakimchuruzika, nao wakimwona huwaita watoto ndani na kufunga mlango. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi mtoto aumwaye huumwa na mbwa amjuaye kwa jina: mbwa wa baba yake, afungwaye mchana na kufunguliwa usiku ili alinde boma, au mbwa wa jirani ambaye mtoto humtupia kipande cha ugali kila jioni. Tena yuko paka wa ghalani, afugwaye kwa ajili ya panya, ambaye watoto wadogo humvuta mkia hata achoke kuvumilia. Kwa kuwa mnyama ni wa nyumbani, jeraha nalo huhesabiwa kuwa la nyumbani. Huonekana kama mchubuko wa mwiba, na kesho yake hakuna alikumbukaye tena.

Hapo ndipo ilipo hatari, wala si katika ukubwa wa jeraha.

Na achukuliwe kwa mfano mtoto wa miaka 7, atokaye shuleni saa kumi jioni. Nyuma ya duka kuna watoto wa mbwa watano, na mama yake amekwisha kumkataza mara nyingi asiwashike. Anawashika. Mmoja amwuma kidoleni kwa meno yake membamba kama sindano; damu yatoka tone moja, naye aifuta kwa kaptura ya shule. Afikapo nyumbani hasemi neno. Hanyamazi kwa ujinga. Ajua vizuri sana ya kuwa akisema ataulizwa alikuwa akifanya nini nyuma ya duka, na ajua pia fimbo huwekwa wapi. Basi hunyamaza, na kidole chapona kwa siku nne. Mama haoni kitu, kwani hakuna tena kitu cha kuonwa.

Ikiwa mtoto yule wa mbwa alikuwa mzima, mambo yamekwisha. Lakini ikiwa alikuwa na ugonjwa wa kichaa cha mbwa, basi virusi vilivyomo katika mate yake vimekwisha kuingia penye tundu lile dogo. Virusi hivyo havitembei katika damu kama vijidudu vya malaria. Hushika mishipa ya fahamu, na kupanda kidogo kidogo kila siku kuelekea ubongoni. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu. Huweza kuwa ya wiki moja tu, na huweza kupita mwaka mzima. Katika muda huo wote mtoto hula, hucheza, huenda shuleni, wala hakuna anayeweza kumtambua kwa kumtazama. Halafu siku moja kovu lililosahauliwa huanza kumwasha, homa humshika, huwa na wasiwasi, na akiletewa maji ya kunywa koo humkaza kwa maumivu hata ayaogope. Ishara hizo zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria ya kuwa watu wapatao 59,000 hufa hivyo kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na katika kila watu 10 wapatao 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Kimo cha mtoto nacho humponza. Mtu mzima huumwa mguuni. Mtoto mdogo, ambaye uso wake u sawa na mdomo wa mbwa, huumwa shavuni, shingoni au kichwani, na kutoka hapo safari ya kwenda ubongoni ni fupi. Jeraha la uso lisingojewe hata siku moja.

Lakini urefu wa safari ile ndio wokovu wa mtoto, maana hutoa nafasi ya kumtangulia adui njiani. Jambo hili lilijulikana tangu mwezi wa Julai, mwaka 1885, wakati mama mmoja wa Alsace alipompeleka mwanawe wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, mpaka Paris kwa Louis Pasteur. Mtoto huyo alikuwa ameumwa mahali pengi na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla. Pasteur hakuwa daktari wa kutibu watu, na chanjo yake alikuwa ameijaribu kwa mbwa. Basi daktari mwingine ndiye aliyemdunga mtoto sindano, moja baada ya nyingine, kwa muda wa siku kumi hivi. Mtoto hakuugua. Alikua, akawa mtu mzima, na baadaye alifanya kazi ya bawabu katika nyumba ya uchunguzi iliyoitwa kwa jina la Pasteur. Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa kandokando ya Nairobi, na hata sasa haujaondoka.

Hata hivyo kazi ya kwanza si ya daktari. Ni ya yule aliye karibu na mtoto saa ileile, naye huhitaji vitu viwili tu, maji na sabuni. Sabuni ya kufulia nguo yatosha. Virusi vya kichaa vimefunikwa kwa utando wa mafuta, na sabuni huuharibu utando huo kama iondoavyo mafuta katika sufuria. Kirusi kisicho na utando hakina nguvu tena. Jeraha na lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni nyingi kwa muda wa dakika 15. Muda huo ndio ambao watu huupuuza. Mtu akiosha dakika mbili hudhani ameosha sana, hasa mtoto akiwa analia. Na atazame saa au simu yake, wala asikisie. Ikiwa jeraha ni tundu, maji yamiminwe ndani yake, si juu ya ngozi tu, lakini lisisuguliwe kwa nguvu hata nyama ikachubuka zaidi. Baada ya hapo, kama iko dawa ya iodini nyumbani, na ipakwe.

Watu wa nchi kavu, kama Kitui na Makueni, wana haki ya kuuliza maji ya dakika 15 yatatoka wapi, na swali hilo si la mzaha penye mtungi mmoja ulioletwa na punda kutoka mbali. Jibu lake ni hesabu. Mtungi wa lita 20, ukimiminwa polepole kwa kopo, hutoa maji kidogo zaidi ya lita moja kwa kila dakika kwa muda wote huo, nayo yatosha kwa jeraha la mkono au la mguu. Nyumba iliyo na kibuyu chirizi cha kunawia mikono mlangoni imekwisha kupata bomba lake. Maji ya kisima au ya mto, yakiwa safi, hufaa vilevile. Mtungi mmoja wa maji ni bei ndogo kwa jambo hili, hata mahali ambapo maji hununuliwa.

Damu ikibubujika sana, hiyo ndiyo itangulizwe: kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha hata damu ipungue, kisha mtoto akimbizwe hospitali, na kuosha kufuate mara damu itulilapo. Lakini damu ichuruzikayo kidogo isiogopwe. Jeraha lililokwisha oshwa lifunikwe kwa kitambaa safi bila kukazwa. Wala mzazi asishangae mganga wa hospitali akikataa kulishona siku hiyo, kwani jeraha la meno ya mbwa likifungwa mapema huweza kufungia uchafu ndani.

Shida moja hutokea karibu katika kila boma, nayo haitokani na ubaya wa mtu. Mtoto aletwapo akilia, bibi mzee wa nyumba huwa wa kwanza kufika, naye anayo dawa aliyoachiwa na wazee wake. Mahali pengine ni majivu, mahali pengine ugoro, pilipili, mafuta ya taa, au nywele za mbwa yule yule zilizochomwa. Siku hizi wako hata wapakao maji ya betri ya gari, ambayo hayakuachwa na wazee wowote. Dawa hizi zisichekwe, kwani huko Ulaya nako, kabla ya chanjo, jeraha la mbwa lilichomwa kwa chuma chenye moto, na waliofanya hivyo walikuwa watu wenye akili zao. Lakini zote hudhuru. Majivu na ugoro huziba tundu kabla halijaoshwa. Pilipili na maji ya betri huunguza nyama. Basi mke wa mwana afanyeje, asiyeweza kumpinga mama mkwe mbele ya watoto?

"Mwanangu, lete ugoro tuzibe damu," asema bibi.

"Sawa, mama," ajibu yule mke, "lakini nisaidieni kwanza kummiminia maji, mikono yangu miwili imemshika."

Bibi ashika kopo. Dakika 15 zikiisha, damu imekwisha kukauka, na ugoro hauna kazi tena ila ile yake ya kawaida. Hakuna mtu aliyevunjiwa heshima, na mtoto amepata mikono minne badala ya miwili.

Kutoka hapo ni safari ya hospitali, siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa aonekana mzima. Mbwa huweza kutoa virusi katika mate yake siku chache kabla hajaonyesha ishara yoyote ya ugonjwa. Tena si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia ovyo na kuuma watu. Wako wanyamazao, wakalala gizani, taya ikawalegea na mate yakawatoka, hata mwenyewe akadhani mbwa wake amekwamwa na mfupa kooni. Mtu mwema kama huyo hutia mkono kinywani mwa mbwa autafute mfupa usiokuwamo, na mkono wake hutoka umelowa mate. Naye, pamoja na mtoto aliyelambwa na mbwa penye kidonda, wanapaswa kwenda kwa daktari sawasawa na aliyeumwa.

Yafaa kupiga simu kabla ya kupanda matatu, kwa sababu chanjo hii huwekwa katika jokofu na si kila zahanati inayo. Aghalabu hupatikana katika hospitali kubwa zaidi. Baba asipoteze siku tatu akizunguka zahanati moja baada ya nyingine, wala asirudi nyumbani kwa sababu ya kwanza imemwambia hakuna. Wako wazazi ambao bado huogopa sindano za tumboni, zile nyingi za zamani ambazo wazee husimulia. Zimekwisha. Siku hizi mtoto hudungwa begani, na mdogo sana pajani. Ratiba ijulikanayo sana ni siku ya kwanza, ihesabiwayo kuwa sifuri, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Ziko hospitali zitumiazo ratiba fupi zaidi. Ikiwa meno yametoboa ngozi, huongezwa dawa nyingine yenye kinga iliyo tayari, idungwayo ndani ya jeraha na kandokando yake, ili imlinde mtoto wakati mwili wake ungali ukijifunza kutengeneza kinga yake wenyewe. Mtoto apelekwe pamoja na kitabu chake cha kliniki, ili ijulikane kama alichanjwa pepopunda alipokuwa mchanga, maana pepopunda nayo huingia kwa jeraha la namna hii.

Ugumu huja baada ya sindano ya pili. Kidole kimepona, nauli ni ghali, na mtoto ana mtihani. Hapo wengi huacha. Ni kama mtu aliyejenga ukuta wa boma pande tatu, akasema fisi hatauona upande wa nne.

Jambo la mbwa mwenyewe huchelewesha watu kuliko umaskini. Mbwa akiwa wa jirani, baba wa mtoto huanza kwa kudai fidia, jirani hukana, chifu huitwa, wazee hukaa, na siku zapita mtoto akiwa hajaoshwa wala hajadungwa. Neno la kusemwa ni hili tu: mtoto aende hospitali leo, na shauri lisikilizwe akirudi. Kwa jirani kuna jambo moja la haraka la kuomba, nalo si fedha: amfunge mbwa wake, ampe chakula na maji, na amtazame kwa siku 10. Mbwa au paka akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na kichaa katika mate yake siku ile alipouma, na daktari huweza kuamua kukatiza sindano zilizobaki. Lakini sindano zianze bila kungoja siku hizo.

Vijana wa kijiji, hata hivyo, hupenda kummaliza mbwa kwa mawe na rungu palepale, nao hulenga kichwa. Kwa kufanya hivyo huharibu ushahidi wote, maana kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo katika maabara, kama ile ya mifugo iliyoko Kabete. Ikiwa mbwa amekufa au imelazimu auawe, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu wala usichomwe moto. Aitwe mtumishi wa mifugo aje kuuchukua kama ipasavyo.

Paka hutendewa haki kidogo mno katika mazungumzo haya, labda kwa kuwa hana sauti ya kutisha. Jino la paka ni jembamba na refu. Hutoboa ndani, na ngozi hufunga juu yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake kidole huvimba, huwa chekundu na cha moto, kwa sababu ya vijidudu vilivyoachwa ndani. Mtoto aliyeumwa na paka mkononi apelekwe kwa daktari kabla mkono haujavimba, si baada. Kucha zake nazo huleta homa ya namna yake: wiki moja hadi tatu baada ya kukwaruzwa, tezi za kwapani au shingoni huvimba na kuuma. Mara nyingi homa hiyo huisha yenyewe, lakini daktari aambiwe habari za paka, la sivyo atatafuta sababu mahali pengine. Paka pia hupata kichaa akiumwa na mbwa mgonjwa. Maji na sabuni ni yaleyale, dakika ni zilezile.

Haya yote hayawezi kumfaa mtoto yule wa miaka 7 ikiwa hakusema. Wazazi hupiga wakidhani wanazuia hatari. Lakini fimbo haijamfundisha mtoto kuwaacha watoto wa mbwa, imemfundisha kuficha kidole. Nyumba nyingine zimefanya mapatano mema zaidi. Mtoto huambiwa mapema, siku ya amani, ya kuwa akiumwa, akikwaruzwa au akilambwa kidonda, na aseme, wala hatapigwa kwa neno hilo, hata kama alikuwa mahali alipokatazwa. Na mzazi ashike ahadi yake siku hiyo ifikapo, ingawa ni vigumu. Jioni, mtoto anapooga, mama hutazama mikono na miguu yake, na akiona alama huuliza kwa sauti ya kawaida: "Paka amekukwaruza, mwanangu?" Mtoto aulizwaye hivyo hujibu.

Tena, ikiwa siri imekuja kujulikana baada ya wiki tatu au hata miezi miwili, mzazi asiseme kwamba wakati umepita. Maadamu mtoto hajaugua, chanjo bado ina kazi, na aende nayo hospitali siku hiyohiyo.

Kwa upande wa mbwa, kazi ni nyepesi kuliko watu wadhanivyo. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake kubwa ni kuwachanja mbwa kila mwaka. Wachanjwapo 7 katika kila 10, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, kwani ndio washikwao sana na watoto wa watu, na wenye mbwa wengi huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno. Siku ya chanjo itangazwapo na chifu, mara nyingi ni watoto waonekanao kwenye mstari, kila mmoja na mbwa wake kwa kamba ya katani, wakivutana. Mzazi na aende pamoja nao, amshike mbwa mwenyewe wakati wa sindano, kisha apokee cheti na kukiweka katika mfuko mmoja na kitabu cha kliniki cha mtoto, ambapo atakipata hata usiku.